Panga Langu na Migomba ya Mama

Kwenye kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba, panga halitoki mgomba mmoja kwenda mwingine kabla halijapita motoni. Unawasha moto mdogo pembeni, unapogolea mgomba mmoja, unarudi motoni, unaligeuza panga upande huu na huu mpaka chuma kisiguswe na kidole, ndipo unauendea mgomba wa pili. Kazi ya saa moja inakula nusu siku. Wazee wetu Wahaya hawakulima hivyo. Wao walizunguka kibanja kizima na panga lilelile mpaka jua la utosi, na migomba yao ikarithiwa na wajukuu. Kilichogeuza mambo ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa ambao wenzetu wa Uganda waliuona mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera.

Naeleza habari za panga kwa sababu ndiko imani yangu ilikoanzia kukua tena, baada ya kudumaa miaka mingi bila mimi kujua kwamba imedumaa.

Nilibatizwa mtoto mchanga na nikapata kipaimara katika usharika wetu wa Kilutheri huku huku kijijini. Mwaka 1998 nikaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Nilipata kazi ya kutunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, nikakaa mjini miaka 14. Mtu angeniuliza wakati huo kama nimekua kiroho, ningemjibu ndiyo bila kufikiri. Nilikuwa kwenye kwaya. Ijumaa nilikuwa kwenye mkesha. Mkutano wa injili ukifanyika kwenye viwanja vya Jangwani au Biafra, mimi nilikuwa kati ya wanaopanga viti. Nikiombewa nililia, nikitoka hapo nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia la saruji.

Siwabezi wanaokesha. Nimeona watu wakifunguliwa katika usiku ule, na wengine wao wanasimama imara mpaka leo. Nasema habari yangu mimi. Wepesi ule niliupata Ijumaa, Jumanne ulikuwa umekwisha, na kuanzia Jumatano nilikuwa nangoja Ijumaa nyingine. Katikati hapo nilimsema vibaya mwenzangu wa stoo, nilidanganya hesabu ndogo ndogo, nilikaa wiki tatu bila kuifungua Biblia nikiwa peke yangu. Mbele za watu niliweza kuomba dakika 20 bila kumeza mate. Chumbani, mlango ukiwa umefungwa, dakika 3 zilinishinda, nikawa natafuta simu.

Baba alifariki mwaka 2012. Nilipanda basi kwenda kuzika, nikakusudia kukaa wiki mbili. Baada ya arobaini nikamwangalia mama, nikaangalia kibanja, nikaona siwezi kuondoka. Mimi ndiye mtoto mkubwa wa kiume. Dada zangu wameolewa mbali, mdogo wangu yuko jeshini. Nikapiga simu dukani kuaga.

Jumuiya yetu ilikuwa nyumba 13, na tulisali kila Jumatano saa 12 asubuhi, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Wiki ya kwanza nilikwenda na Biblia yangu ya zipu na daftari la mahubiri, nikidhani nitakuwa msaada mkubwa kwa watu hawa wa kijijini. Nilikuta watu tisa wamekaa kwenye mikeka, ukungu bado uko kwenye migomba, mtoto mmoja amelala mgongoni kwa mama yake. Aliyeongoza alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyekwisha kupoteza meno ya mbele. Sitamtaja jina. Sisi sote tulimwita Bibi, hata wale waliokuwa na umri wa watoto wake.

Bibi alikuwa mtoto wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki. Moto ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Buhaya, ulimkuta mama yake, naye akakulia ndani yake. Ndio watu wanaosalimiana "Tukutendereza", yaani "tunakusifu" kwa Kiganda, wakikutana njiani, awe Mganda, Mhaya au Mnyarwanda. Askofu wetu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa Uamsho huo, na Bibi alimsikia akihubiri mara nyingi. Kwa watu hao neno kubwa ni kutembea nuruni. Maana yake, jinsi Bibi alivyolieleza, ni kwamba hukai na jambo. Ukimkosea mtu asubuhi, usilale nalo. Ukiwa na kinyongo, kitoe kingali kidogo.

Asubuhi ile ya kwanza tulisoma mistari minne tu ya Marko. Minne! Nilikuwa nimezoea mhubiri anayekupitisha vitabu sita kwa saa moja. Tukaisoma mara ya kwanza, kimya. Tukaisoma mara ya pili, mtu mwingine. Kisha Bibi akazunguka na swali moja: "Hapa Bwana anakuambia wewe nini?" Ilipofika zamu yangu nikaanza kueleza hali ya kanisa la leo na jinsi vijana walivyopotoka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Hayo ni ya vijana. Na wewe?"

Sikuwa na jibu.

Tulisoma Marko miezi mingi, tukaingia Mathayo. Nilianza kuizoea ile hatua ya konokono, nikaipenda. Ukilichukua neno moja Jumatano na kutembea nalo mpaka Jumatano nyingine, linakukuta mahali ambapo mhubiri hakufikii: ukichota maji, ukipimana mpaka na jirani, ukijibu simu ya mtu anayekudai. Bibi alituomba pia tuwe na majina. Yeye mwenyewe hakujua kuandika vizuri, kwa hiyo aliyashika majina kwa kuhesabu migomba. Nyuma ya nyumba yake kila mgomba ulikuwa na mtu wake. Akipita kutandaza nyasi alizoleta kutoka rweya, mbuga ya nyasi nje ya vibanja, alisimama kwenye kila shina na kumtaja mtu huyo kwa Mungu, akiweka nyasi. Nilimwona kwa macho yangu. Nyasi kiganjani, jina, kimya kidogo, nyasi chini, hatua moja mbele. Nilikuwa na mgomba wangu. Ulikuwa karibu na choo, akaniambia nisivunjike moyo, maana wa karibu na choo ndio unaonenepa kuliko yote.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo lilinichukua miaka kulisema.

Mwaka 2013 mnyauko uliingia kwenye kibanja cha mama. Kwanza jani moja likawa la njano kama limemwagiwa maji ya moto, likalegea. Tukadhani ni jua. Kisha mkungu mmoja ukaiva kabla ya wakati, ndizi mbili tatu za njano kati ya mbichi. Mama akakata ndizi moja, ndani ikawa na doa la kahawia kama kutu. Alipokata shina, ukatoka usaha wa njano, mzito, ukashuka taratibu kwenye panga. Mama aliufuta kwa jani na hakusema kitu. Migomba ile ilipandwa na mama mkwe wake.

Nikatafuta wa kulaumu, nikampata upesi. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa fundi wa kupogolea. Watu walimwita kwenye vibanja vyao wakamlipa, na wiki chache kabla alikuwa amepita kwetu kutusaidia, bure, kwa ajili ya shemeji yake mjane. Nikasema ni panga lake. Nilisema kwanza nyumbani, kisha nikasema Jumatano kwenye jumuiya, mbele ya watu, wakati wa kutoa mahitaji ya maombi. Niliifunika kwa maneno ya dini: tuombe Mungu awape hekima wale wanaozunguka na mapanga machafu kwenye vibanja vya wajane. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Baba mdogo alikuwa amekaa pale karibu na mlango. Aliondoka baada ya sala ya mwisho na hakurudi Jumatano iliyofuata, wala ile nyingine.

Kijijini neno kama hilo halihitaji siku mbili. Nyumba zikaacha kumwita. Nani atamruhusu mtu wa panga lenye mnyauko aguse migomba yake? Alikuwa na watoto wawili sekondari.

Miezi miwili baadaye alikuja afisa ugani. Alitukusanya kibanjani, akatuonyesha jinsi ya kuondoa lile tumba la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu: tunalivunja kwa mti wenye panda, hatulikati kwa panga, maana wadudu wanaotembelea maua hubeba ugonjwa na panga hubeba zaidi. Akatuambia migomba iliyougua ing'olewe na kufukiwa, na shamba lipumzike miezi 6 kabla ya kupanda tena. Kisha akauliza swali la kawaida kabisa. "Kabla ya kuona dalili za kwanza, kuna panga lililotoka nje ya kijiji likaingia hapa?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimekwenda Muleba kwa rafiki, kumsaidia kukata ndizi za harusi ya binti yake. Nilikwenda na panga langu nimelifunga kwenye gunia. Baadhi ya migomba yake ilikuwa na majani ya njano, na yeye alisema ni ukame. Nilirudi Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi nilitoa panga lile lile kwenye gunia, sikuliosha hata kwa maji, nikaingia kwenye kibanja cha mama na kuondoa machipukizi upande wa mashariki. Ugonjwa ulianzia upande wa mashariki. Baba mdogo alikuwa amefanya kazi upande wa barabara.

Yote hayo nilikumbuka nikiwa nimesimama pale, afisa akiwa bado ananitazama. Nikamjibu, "Hapana, labda la baba mdogo."

Nilijua, na nikasema hivyo. Nimeandika maneno hayo na kuyaangalia kwa muda, kwa sababu ndiyo kiini. Kabla ya siku ile nilikuwa nimekosea kwa haraka ya ulimi. Kuanzia siku ile nilikuwa mwongo anayejua, na niliendelea hivyo kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Mtu asidhani niliacha kusali. Nilizidisha. Nilifunga Ijumaa, nilijitolea kufundisha watoto wa Shule ya Jumapili, nilichangia mabati ya kanisa la mtaa. Nikiyatazama sasa naona niliongeza samadi kwenye mgomba uliooza ndani. Ila moyo ulikuwa mkavu kwa namna ambayo sikuwahi kuijua Dar. Kule nilikuwa nasahau kuomba, huku nilikuwa naomba na maneno hayaondoki chumbani. Kila nilipofunga macho niliona gunia. Nikaanza kumlaumu Mungu kwamba amenyamaza, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimenyamaza juu ya jambo moja ambalo yeye alikuwa analisema kila siku.

Hapa nina neno kwa ndugu wanaosoma wakiwa katika ukavu kama huo. Ukavu una sababu nyingi. Kuna wa msiba, kuna wa uchovu wa mwili, kuna wa ugonjwa wa akili unaohitaji daktari, na wapo watakatifu waliopita jangwani bila kosa lolote. Usimwendee kila aliyekauka ukamwambia atafute dhambi yake, utamuumiza kama marafiki wa Ayubu walivyofanya. Lakini kama kuna gunia unaloliona kila ukifunga macho, hilo huhitaji nabii wa kukutafsiria.

Jumatano moja mwaka 2015 tulikuwa nyumbani kwetu. Tulikuwa tumefika Mathayo sura ya 5, na zamu ya kusoma ikawa yangu. Nilisoma mstari wa 21, nikasoma wa 22. Niliona kwa jicho kinachofuata: mtu ameleta sadaka yake madhabahuni, hapo hapo anakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, naye anaambiwa aiache sadaka, aende kwanza. Nikafunga Biblia. Nikasema, "Tuishie hapo kwa leo, muda umekwenda."

Bibi hakuinua macho. "Bado, mwanangu. Endelea."

Nikasoma wa 23 na wa 24. Sauti yangu ilipotea katikati, mama akadhani nina mafua, akaninyooshea kikombe cha maji. Bibi hakuzunguka na swali lake asubuhi ile. Alifunga kwa Sala ya Bwana. Watu walipotoka alibaki akikunja mkeka ambao haukuhitaji kukunjwa na yeye, na mimi nikamwambia yote, nimesimama mlangoni kama mtoto.

Alisema mambo mawili tu. La kwanza niliuliza mwenyewe: je, nikitengeneza na baba mdogo, Mungu atanisamehe? Akatikisa kichwa. "Bwana hangoji umalize kulipa ndipo akusamehe. Ukisamehewa ndipo unapata miguu ya kwenda kulipa." La pili lilikuwa kuhusu watu. Nilikuwa tayari kusimama kanisani Jumapili na kutubu mbele ya usharika mzima, nilishaanza kupanga maneno. Akanikatiza. "Ulimsema wapi? Tengeneza pale pale. Usipunguze, usiongeze. Ukiongeza, utakuwa unajionyesha." Nimeona ushuhuda mwingi wa kutubu uliogeuka kuwa maonyesho, na nimeona watu wakitajwa makosa yao mbele ya waliokuwa hawana habari, wakaumia mara ya pili. Kipimo cha Bibi kimenilinda na yote mawili.

Jioni ile nikaenda kwa baba mdogo. Alikuwa ameinama anageuza kahawa kwenye mkeka, maana mawingu yalikuwa yanakuja. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Hakuuliza habari za mama. Nikachutama upande wa pili wa mkeka, nikaanza kugeuza kahawa naye, na nikasema nikiwa natazama kahawa. Muleba. Gunia. Upande wa mashariki. Afisa ugani. Nilipomaliza tulikuwa tumefika mwisho wa mkeka.

Alikaa kimya muda mrefu. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye kahawa. Akaniuliza, "Na mama yako umemwambia?"

"Bado, baba."

"Mwambie kwanza. Mimi nitakuwepo hapa."

Tukakunja mkeka pamoja, mvua ikitupiga. Hakuniambia amenisamehe siku ile, wala mimi sikudai. Mwenye kuumizwa ana haki ya muda wake.

Mama nilimwambia usiku. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu mama hakukasirika. Alilia kidogo, akasema, "Migomba itaota. Shemeji yangu tulimfanya nini?" Jumatano iliyofuata nikasema kwenye jumuiya, palepale nilipomsema, bila mapambo. Kisha ikabaki kazi yake aliyoipoteza. Nilimwomba aniruhusu niende naye kwenye nyumba zilizoacha kumwita. Zilikuwa saba. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mimi niseme na yeye asiseme neno. Tulizipita kwa siku mbili. Nyumba tano zilimrudishia kazi msimu huo, moja baada ya mwaka, na moja haikurudi mpaka leo. Maneno yangu yalikwenda mbio kuliko toba yangu. Nalijua hilo, na linanifanya niwe mzito wa kusema habari za mtu hata kwa jina la maombi.

Watu huniuliza mbinu. Hasa vijana wa usharika, wakijua natumika kama mzee wa kanisa siku hizi, wanauliza nasoma sura ngapi, naamka saa ngapi. Nawajibu kwa ukweli: naamka saa 11 alfajiri, nakaa na mistari michache, mara nyingi chini ya kumi, naisoma kwa sauti kwa sababu ulimi huyashika maneno ambayo jicho huyaruka. Nina majina 22 na nimeyapa migomba, kama Bibi. Najiuliza swali lake. Kuna asubuhi swali halina jibu, nainuka nakwenda kufungua ng'ombe. Lakini naona aibu kuziita mbinu, maana hizo hizo nilikuwa nazifanya wakati ule wa gunia na hazikunikuza. Zilianza kunilisha baada ya kufungua mdomo.

Kuna jambo lingine ninalowaambia, na hapa huwa nakaza sauti. Tafuta watu wanaokujua kwa karibu kiasi cha kukuambia "bado, endelea." Simu yangu inaweza kunipa wahubiri watatu kabla sijanywa chai, wazuri, wenye maarifa kuliko mchungaji wetu anayehudumia mitaa minne kwa pikipiki. Hakuna hata mmoja wao aliyeona nilipofunga Biblia kabla ya wakati. Bibi aliona. Kijana anayehamahama makanisa kila anapoguswa kidonda atafika uzee na kidonda chake, akiwa na maarifa tele ya kukifunika.

Na hofu nayo haikuzi. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko lilitupiga Kagera. Ukuta wa jikoni wa baba mdogo ulianguka wote, wa kwetu ulipasuka. Watu walikufa Bukoba na vijijini, maelfu ya nyumba zikabomoka. Tulilala kibanjani usiku ule, nyumba yetu na yake chini ya turubai moja, mama akiimba taratibu kila ardhi ilipotikisika tena. Jumapili iliyofuata kanisa halikutosha. Niliona watu ambao sijawaona tangu kipaimara chetu. Kabla ya Krismasi viti vilikuwa vimerudi kuwa vitupu kama zamani, na waliobaki walikuwa wale wale wa mikeka ya Jumatano. Siwalaumu walioondoka. Nami nilikuwa mmoja wao, kwa namna yangu, miaka 14.

Katika Marko sura ya 4 kuna habari fupi ambayo Bibi aliipenda kuliko nyingine: mtu anamwaga mbegu, analala na kuamka, usiku na mchana, na mbegu inaota na kukua yeye asijue inavyokuwa. Nilimuuliza mara moja, kama ni hivyo, mkulima ana kazi gani? Alicheka kwa lile pengo lake. Alisema mkulima hakuzi kitu, lakini anaweza kuua. Bibi alilala katika Bwana mwaka 2019, na wajukuu zake wanaendelea kutandaza nyasi.

Shamba letu lilikuwa limepumzika zaidi ya ile miezi 6 tulipopanda upya, mwishoni mwa 2015, mwanzo wa mvua. Baba mdogo ndiye aliyetuchagulia machipukizi, kutoka kibanja alichokijua kuwa safi. Tulichimba mashimo mapana, tukachanganya samadi na udongo wa juu, tukatandaza nyasi. Nilikuwa nikienda kuyatazama kila asubuhi kama mtu aliyeweka fedha benki, na kila asubuhi yalikuwa vile vile. Nikasafiri kwenda Mwanza kwa wiki tatu, niliporudi yalikuwa yamenipita kiunoni.

Mkungu wa kwanza ulikomaa 2017. Nilikwenda kumwita baba mdogo aje tule naye, akaja asubuhi mapema na panga lake begani, la zamani, lenye mpini aliouchonga mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika langu tayari. Mama alikuwa amewasha moto pembeni ya kibanja. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Shemeji, kata wewe."

Baba mdogo akachutama kwenye moto. Alilishikilia panga lake pale muda mrefu, akiligeuza upande huu na huu, zaidi ya inavyohitajika. Kisha akasimama na kuuendea mgomba.